Mita tangu mwanzo, au kuzidisha mwishoni?

Banda la kwanza la ndege nililochora kwa simuleta ya kurusha ndege, la uwanja wa Wilson jijini Nairobi, lilikuwa na upana wa mita 20 kwenye mchoro. Ndani ya simuleta likawa mita 787. Nilichora kwa inchi, programu ikasoma kila inchi kama mita nzima. Nilicheka, kisha nikalala na hasira.

Simuleta za X-Plane na FlightGear, na faili za glTF (za maumbo ya 3D), huhesabu kwa mita, kwa hiyo lazima ufike huko kwa njia moja au nyingine: uchore kwa mita tangu mwanzo, au uzidishe vipimo vyote kwa namba moja wakati wa kutoa faili.

Kwa kutegemeka, kuchora kwa mita tangu mwanzo kunashinda. KICC, lile jengo refu la Nairobi, ina urefu wa mita 105. Unaipima palepale, hakuna hesabu ya kichwani. Mimi huweka umbo la Cessna 172, ndege ndogo, mbele ya mlango wa banda: mabawa yake ni mita 11 hivi toka ncha hadi ncha, na mlango ukikosea jicho linaona mara moja.

Kuzidisha wakati wa kutoa faili kunashinda kwa kuokoa muda. Ukipewa ramani ya msanifu iliyo kwa milimita, unazidisha kwa 0.001 na kazi imeisha. Shida ni matunzo: miezi sita baadaye unarekebisha paa, unasahau ile namba, na paa linaelea juu ya Lang'ata. Iandike kwenye jina la faili.

Unajenga uwanja mzima peke yako? Anza na mita. Unakusanya maumbo ya watu mbalimbali? Zidisha tu, lakini pitisha kila umbo mbele ya ile Cessna.