Uzoefu wangu na king'amuzi cha dishi: nimelipia mimi, bao la Msuva nimelisikia kwa jirani

Majirani wanaotaka kununua dishi huniuliza kama televisheni ya kulipia kwa njia ya setilaiti inastahili fedha inayotozwa kila mwezi. Hadi wakati wa AFCON iliyofanyika Ivory Coast mwanzoni mwa mwaka 2024, nilikuwa nikiwajibu ndiyo bila kusita. Tangu usiku ule Taifa Stars ilipocheza na Zambia jibu langu limebadilika, na sioni dalili ya hasira yangu kupoa. Kampuni yenyewe siitaji jina. Bei na orodha ya chaneli kila mtu anaweza kuziona kwenye mabango yao; mimi nataka kueleza jinsi mteja anavyotendewa akiwa ameshalipa.

Kifurushi chetu kilikwisha siku ile ile ya mechi. Nililipia mchana kwa simu, tena kifurushi cha juu kuliko tunachokizoea, kwa sababu watoto na wajukuu walikuwa wamejaa nyumbani. Fedha ilikatwa palepale na ujumbe ukaingia: malipo yako yamepokelewa, asante kwa kuwa mteja wetu. Kwenye skrini, hata hivyo, maandishi hayakubadilika: kifurushi chako kimekwisha, tafadhali lipia. Tulichomoa kadi, tukaifuta kwa kitambaa safi, tukairudisha. King'amuzi tulikiacha kimewaka kwenye chaneli moja kama fundi alivyotuelekeza, maana amri ya kufungua kadi hushuka kutoka setilaiti, na king'amuzi kilichozimwa hakiwezi kuipokea. Saa zikapita, na wao hawakutuma amri yoyote.

Mechi ilikuwa imekwisha kuanza nilipompata mtu wa huduma kwa wateja, baada ya muziki wa kusubiri uliochosha masikio. Kijana yule aliniomba namba ya kadi. Namba hiyo imebandikwa chini ya king'amuzi kwa herufi ndogo mno, kwa hiyo mjukuu wangu alikiinua na kumulika tochi, nami nikavaa miwani na kusoma tarakimu moja baada ya nyingine. Tukiwa katika hali hiyo, nyumba ya jirani mwenye king'amuzi cha kampuni nyingine ililipuka kwa kelele: Simon Msuva alikuwa amefunga, dakika ya 11. Wajukuu wangu walitoka mbio kwenda kusimama dirishani kwa watu.

Nilimweleza kijana kwamba fedha imetoka, nikamsomea na namba ya muamala. Akasema, "Mzee, kwenye mfumo wetu wewe hujalipa." Nikamjibu, "Mwanangu, ujumbe wa kupokea malipo mmeutuma ninyi wenyewe, ninao hapa mkononi." Akapandisha sauti: "Mzee, siyo wewe peke yako unayetaka kuangalia mpira. Kama sisi tumekushinda, chukua king'amuzi kingine." Kisha akakata simu.

Shikamoo yake sikuihitaji, kwa kuwa anapokea simu za watu asiowaona na hajui umri wao. Lakini kijana aliyelelewa na wazazi anajua kwamba mtu mzima uliyekwisha kumwita mzee humfokei, wala humkatii simu akiwa katikati ya sentensi, na kampuni inayomlipa mshahara ina wajibu wa kumkumbusha pale anaposahau. Zambia walibaki kumi uwanjani kabla ya mapumziko, na bado Patson Daka alisawazisha zikiwa zimebaki dakika chache mpira kuisha. Yote hayo niliyapata kwa redio ya mkulima yenye betri, niliyokuwa nimeiegemeza juu ya king'amuzi nilichokilipia.

Kadi ilifunguka siku kadhaa baadaye bila maelezo yoyote. Jambo lililonikera kuliko hata ile simu lilikuja mwisho wa mwezi: kifurushi kilikatika tarehe ile ile iliyohesabiwa tangu siku ya malipo, kana kwamba muda wote ule tulikuwa tumekaa tunatazama. Nilipofika kwa wakala mjini, binti wa dukani alinipokea kwa adabu, akanipa kiti, akatazama kompyuta yake, akakiri kwamba malipo yalichelewa kusajiliwa upande wao. Akasema pia kwamba hana uwezo wa kuzirudisha siku hizo. Duka la rejareja likikupunguzia kilo moja ya sukari utarudi na mzani wako na utafidiwa, lakini kampuni yenye mitambo angani inakupunguzia huduma uliyolipia na hakuna mtu hata mmoja mwenye mamlaka ya kusema pole, chukua siku zako.

Kwa hiyo hukumu yangu ya kwanza ilikuwa kwamba huduma hii haistahili senti. Inanibidi niilegeze. Sisi tunaishi nyuma ya milima, mahali ambapo antena ya kawaida haikamati kitu, na tangu mitambo ya analojia ilipoanza kuzimwa Dar es Salaam tarehe 31 Desemba 2012, kisha mikoa mingine ikafuata, dishi ndilo lililotuunganisha na nchi. King'amuzi chetu kina pia chaneli za redio, na hizo ndizo mama yangu anazozisikiliza kutwa nzima, kwa sauti safi isiyokwaruza, kuanzia taarifa ya habari hadi matangazo ya vifo. Televisheni yenyewe macho yake hayaioni vizuri. Kwake yeye dishi ni redio, na ni redio nzuri kuliko zote alizowahi kumiliki. Nikisema huduma haina thamani nitakuwa namsemea uongo mama aliyeketi chumba cha pili.

Turudi kwenye maneno ya yule kijana: chukua king'amuzi kingine. Wengi wanaamini kwamba dawa ya jeuri ni ushindani, nami kwa muda mrefu niliamini hivyo. Azam ilipoingia sokoni kwa dishi mwaka 2013, na StarTimes na Zuku nao wakiwepo, mtu wa kipato cha chini alianza kufikiriwa, na hilo nalishukuru. Mahali palipobaki na mtoaji mmoja tunapajua. Marekani walikuwa na kampuni mbili za redio ya setilaiti ya kulipia, XM na Sirius, na leseni za mwaka 1997 zilitolewa kwa sharti kwamba kampuni moja isimiliki zote mbili. Mwaka 2008 serikali ikaruhusu ziungane, kwa ahadi kwamba bei haitapanda kwa miaka mitatu. Mwaka uliofuata wateja wakaongezewa tozo ya mirabaha ya muziki juu ya bei ile ile iliyofungwa. Afrika nako WorldSpace ilirusha setilaiti ya AfriStar mwaka 1998, ikatuuzia redio maalumu za kupokea mawimbi yake, na baada ya kufilisika mwaka 2008 na matangazo yake kukoma, upande wa setilaiti wa redio zile ukabaki pambo tu.

Hapo ndipo imani yangu katika ushindani mtupu inapoyumba. GTV ilikuja mwaka 2007 kushindana na DStv, ikachukua sehemu kubwa ya haki za kuonyesha Ligi Kuu ya Uingereza, watu wakanunua dishi na ving'amuzi vyake, na mwezi Januari 2009 ikafunga ghafla katika nchi zote ilizokuwa ikifanya kazi. Waliolipa kabla hawakuonyeshwa mechi zao, na ving'amuzi vyao havikuweza kusoma kadi ya kampuni nyingine. Kila kampuni hununua haki za mashindano fulani na kuyafungia ndani ya kifaa chake, kwa hiyo mteja hapati mahali pa kulinganisha bei ya kitu kile kile: anayetaka ligi yetu ya Yanga na Simba analipa huku, anayetaka ya Ulaya analipa kule, na anayezitaka zote anapanga ving'amuzi juu ya meza. Mwaka 2018, Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA) ilipoelekeza chaneli za ndani za kutazamwa bure ziondolewe kwenye ving'amuzi vya dishi vya Azam, DStv na Zuku kwa sababu ya masharti ya leseni zao, ziko nyumba zilizolazimika kununua kifaa cha ziada kwa ajili ya taarifa ya habari tu. Kampuni zilikuwa nyingi wakati huo, na aliyeongezewa gharama bado alikuwa mteja.

Ninachokitaka, basi, ni washindani wanaoweza kukimbiwa. Laini ya simu ninaibadilisha leo na simu yangu inabaki ile ile. King'amuzi nacho kingepaswa kupokea kadi ya yeyote nitakayemchagua, ili kijana wa huduma kwa wateja ajue kwamba nikisema nahama, kesho nimehama. Sasa hivi anajua kwamba kuhama kunanigharimu king'amuzi kipya, pengine na dishi lenyewe, na fundi wa kupanda juu ya bati kuligeuza lielekee setilaiti nyingine. Ndiyo maana alithubutu kunifukuza.

Wapo watakaosema kwamba haya ni makubwa mno kwa mechi moja ya sare. Sikubaliani nao hata kidogo. Mechi ile Taifa Stars hawatairudia kwa ajili ya wajukuu wangu, na fedha niliyotoa haikuwa sare.

Nimelipia tena, kifurushi cha chini kabisa, kwa ajili ya redio ya mama, na ninawashauri wanaoishi mahali antena inapofika waanze na antena kwanza. Wanaoishi kama sisi nisingewazuia kununua dishi, ila walipie siku mbili tatu kabla ya jambo wanalolisubiri, na wasifute ujumbe wowote wa malipo. Siku zangu bado nazidai. Barua nimeipeleka kwa wakala ikiwa na namba ya muamala na nakala ya ujumbe wao wenyewe wa shukrani, na wakizirudisha nitawatangazia majirani wote kwamba wamezirudisha.