Mizani ya Mizigo ya Ndege: Ipi Inunuliwe Kwanza na Ipi Iachwe Dukani

Mashirika mengi ya ndege huweka kikomo cha kilo 23 kwa begi moja na kuandika kando yake pauni 50, ilhali vipimo hivyo havilingani sawasawa. Pauni moja ni gramu 453.59, kwa hiyo kilo 23 ni pauni 50.7, na pauni 50 ni kilo 22.68 tu. Begi lenye kilo 22.9 linaweza basi kupita kwenye mizani inayosoma kilo na kuonekana limezidi kwenye inayosoma pauni. Kwa sababu hiyo, mizani ya kununua ni ile inayoonyesha vipimo vyote viwili na inayosoma kwa hatua ndogo kuliko tofauti hiyo ya gramu 320.

Nafasi ya kwanza naipa mizani ya kidijitali ya mkononi, ambayo begi huning'inizwa kwayo. Nyingi hupima hadi kilo 50, yaani pauni 110, kwa hatua za gramu 50 au chini ya hapo. Chagua yenye mkanda mpana badala ya ndoano nyembamba, na inayoshikilia namba kwenye kioo baada ya begi kutulia, kwa kuwa ni vigumu kusoma huku mikono ikitetemeka. Chunguza pia kitufe cha kubadili kipimo. Baadhi ya mizani hizi zina kipimo cha Kichina cha jin, ambacho ni nusu kilo; ukikibonyeza bila kujua, begi la kilo 24 litasomeka 48, nawe utadhani ni pauni na kwamba uko salama, kumbe umezidisha kilo nzima. Mimi ningependelea mizani isiyo na kipimo hicho kabisa.

Ya pili ni mizani ya springi. Haihitaji betri, jambo linalomfaa msafiri wa nadra, lakini alama zake aghalabu ni za nusu kilo, na mshale lazima urudishwe kwenye sifuri kabla ya kupima. Ikiwa ina kilo peke yake, zidisha kilo mara mbili kisha ongeza sehemu ya kumi ya jibu: 23 huwa 46, halafu 50.6. Kutoka pauni kwenda kilo, gawa kwa mbili na upunguze sehemu ya kumi. 50 hutoa 22.5, pungufu kidogo ya uzito halisi, basi usiitumie njia hiyo begi likiwa karibu na kikomo.

Mizani ya kupimia mwili inashika nafasi ya tatu, na inafaa kwa aliye nayo tayari: simama peke yako, kisha ukiwa umebeba begi, halafu toa namba ya kwanza kwenye ya pili.

Sanduku lenye mizani ndani ya mpini naliweka mwisho, maana hupima sanduku hilo hilo tu, na mizani ikifa umebaki na sanduku la bei kubwa lisilo na faida ya ziada.

Yoyote utakayonunua, ijaribu muda wa kuirudisha dukani ungalipo: chupa sita za maji za lita moja na nusu zinapaswa kusoma kilo 9, au pauni 19.8, pamoja na uzito mdogo wa plastiki na mfuko.