Uzoefu wangu: maboksi ya sokoni yaliyoongezewa pembe kwa gundi ya mbao, Dodoma

Kwa mwenye haraka, jibu ni hili: boksi la kadibodi lililowekewa pembe za ndani na kitako cha pili kwa gundi nyeupe ya mbao linakaa. Yangu yamepita msimu wa mvua, yakapita na upepo wa kiangazi wenye vumbi lake, na ya chini bado yamewabeba wenzao. Boksi lililozungushiwa solotepu tu, hata umalize rola nzima, halikai. Niliyaweka ya aina zote mbili stoo makusudi ili nione, na ya solotepu yalianza kutoa tumbo hata mvua haijaisha.

Nimepanga Nkuhungu. Nyumba haina kabati la ukutani, na stoo yenyewe ni kachumba kasikokuwa na dari, bati liko juu ya kichwa. Nilikuwa na vitabu na madaftari ya watoto, nguo zilizowabana zinazomsubiri mdogo wao, vyombo vya wageni, na mablanketi ambayo hapa Dodoma huyaulizii mpaka Juni ifike, halafu unayataka yote kwa usiku mmoja. Niliuliza bei ya boksi la plastiki lenye mfuniko. Hela ya moja ilitosha maboksi yote ya kadibodi niliyohitaji, na gundi, na bajaji ya kunirudisha nyumbani.

Maboksi nilinunua Majengo sokoni, na kusema kweli kazi kubwa iko kwenye kuchagua. Muuzaji akaniambia, "Mama, haya yote mazima, beba tu." Nikamjibu, "Sawa kaka, ila ngoja niyabonyeze." Unabonyeza pembe kwa kidole gumba. Ikizama kama andazi la jana, boksi hilo limeshawahi kulowa, na kadibodi iliyolowa hairudishi nguvu zake hata ikikauka vipi. Kisha chungulia kwenye ukingo. Utaona karatasi iliyokunjwa mawimbi katikati ya karatasi mbili zilizonyooka. Ukiona safu mbili za mawimbi badala ya moja, chukua hilo bila kubishana bei sana. Boksi lililobeba dagaa au lenye doa la mafuta liache hapo hapo, maana utakuwa umenunua mende na panya kwa hela yako. Ya sabuni ni mazuri. Katoni za chupa za mvinyo nazo ni ngumu, na vile vigawanyo vya ndani usivitupe, nitavirudia.

Jambo ambalo wengi hawalitazami ni mwelekeo wa mawimbi. Yanatakiwa yasimame wima kutoka chini kwenda juu, kwa sababu hayo ndiyo yanayobeba uzito, na sehemu kubwa ya mzigo inapitia kwenye pembe nne. Ile mishale miwili iliyochapwa ubavuni inayoelekea juu haikuwekwa kwa urembo. Ukiligeuza boksi likalala ubavu, mawimbi yamelala nalo na nguvu imepungua.

Sasa kazi yenyewe. Nilikata vipande kutoka kwenye boksi bovu na vile vigawanyo vya katoni, upana wa kiganja, urefu wa boksi kutoka kitako hadi mdomoni, mawimbi yakiwa wima. Unachora mstari katikati kwa mgongo wa kisu bila kukata, unakunja, unapaka gundi nyembamba kwenye kipande, unakibandika kwenye pembe kwa ndani. Gundi ikiwa nzito inalowesha kadibodi na inapinda. Juu nilibana kwa vibanio vya nguo, na chini ambako vibanio havifiki nilisimamisha chupa za maji zikikandamiza. Kitako ni hivyo hivyo: yale masikio manne ya chini yabandike kwa gundi, usiyategemeze kwenye solotepu, kisha ndani laza kipande kizima kinachofunika sakafu yote ya boksi, mawimbi yake yakikatisha ule mwanya wa kati ambapo masikio yanakutana. Weka tofali lililofungwa gazeti juu yake, uache mpaka kesho. Kiangazi cha huku gundi inakauka upesi, ila usipakie siku hiyo hiyo.

Solotepu sijaitupa. Inafaa kufunga mdomo tu. Tatizo lake kwenye nyumba zetu ni mawili. Kwanza vumbi: usipopangusa kadibodi kwa kitambaa kikavu, tepu inashika vumbi badala ya boksi. La pili ni joto la bati, mchana gundi yake inalainika na ncha zinaanza kujikunja. Kwa boksi la vitabu nimefunga kamba ya katani kwa nje, nikaweka vipande vya kadibodi iliyokunjwa kwenye kingo ili kamba isikate.

Matundu ya kushikia sikutoboa. Kila tundu linaondoa mawimbi pale pale unapopita mzigo. Nanyanyua kwa chini, kama ni zito namwita kijana.

Halafu kuna mchwa. Hapa ndipo gundi na pembe zote hazikusaidii kitu, maana kadibodi ni mti uliosagwa, na kwao hicho ni chakula. Anayeishi Dodoma hahitaji kuelezwa. Jirani yangu, bibi mmoja wa Kigogo, alinishauri, "Mwanangu, paka mafuta machafu ya gari sakafuni, hawatakuja." Nikamwambia, "Asante bibi," lakini sikupaka, maana harufu ile ingehamia kwenye mablanketi. Nilichofanya ni kupanga matofali ya bloku, juu yake chaga za kitanda cha zamani, ndipo maboksi. Nyuma nimeacha nafasi ya mkono kupita kati ya boksi na ukuta. Nafasi hiyo ni ya kuona: mchwa hujenga njia yake ya udongo ukutani au kwenye tofali kabla ya kufika, na ukipita na ufagio na tochi kila unaposafisha utaikuta ingali fupi. Mimi nimeikuta. Nikaibomoa, nikapuliza dawa kwenye ufa ilikotokea, maboksi hayakuguswa. Ukiwa mvivu wa kukagua, usiweke kadibodi stoo kabisa, nunua plastiki.

Mvua zetu huanza karibu na Desemba zikaisha Aprili, si nyingi, lakini kadibodi hunywa unyevu wa hewani, na hewa ikilowa sana inaweza kupoteza nusu ya nguvu yake bila tone la maji kuigusa. Kwa hiyo miezi hiyo sipandishi zaidi ya maboksi matatu, mazito chini, pembe juu ya pembe. Kuyapanga kwa kupishana kama fundi anavyojenga ukuta kunapendeza machoni, ila pembe za juu zinakalia ubavu wa lile la chini, na ubavu hauna kitu. Tena boksi huchoka: linalomudu mzigo kwa wiki moja si lazima limudu kwa mwaka. Vitabu vigawe kwenye maboksi madogo.

Kwa nguo, mablanketi, vyombo na vitabu, naipa njia hii nne kati ya tano, na nitaendelea nayo. Vyeti vya shule, vyeti vya kuzaliwa na hati ya kiwanja viko chumbani kwenye tranka la bati, na huko ndiko vitakakobaki.