Mende wa kununua: yupi umlishe mjusi, na umweke wapi

Nimekulia Tanga, kwenye nyumba ambayo mende akijitokeza jikoni, kandambili iko hewani kabla hajageuka. Leo niko Minneapolis, nawalipia mende dola, napokea boksi lao mlangoni na kuwakatia karoti. Mama yangu nimemwambia nafuga "wadudu wa chakula cha mjusi", basi. Sijamwambia wadudu gani.

Chanzo ni mwanangu, aliyetaka mjusi mwenye ndevu, yule Pogona ambaye asili yake ni Australia. Kwa ajili ya ndevu zake tukamwita Babu. Babu alianza kwa kula nyenje. Nyenje wananuka, wanakufa ovyo ndani ya boksi, na mmoja akipotelea nyuma ya friji atakuimbia wiki nzima. Ndipo nikahamia kwa mende, na sirudi nyuma.

Wauzaji wengi huwapanga mende kwa protini. Mimi nawapanga kwa swali moja: akitoroka, itakuwaje? Wengi wetu tunaishi kwenye fleti za kupanga, na mwenye nyumba hatauliza habari za protini.

Namba moja: dubia

Blaptica dubia anatoka Amerika Kusini, Argentina na majirani zake. Mkubwa hufika sentimita 4 hadi 4.5. Hapandi kioo wala plastiki laini, hana mbio za kutisha, hanuki sana, na dume ana mabawa kamili lakini si mrukaji. Majike mabawa yao ni vipande vifupi tu, kwa hiyo kuwatofautisha ni rahisi.

Kilichompa namba moja ni uzazi wake. Anataka joto la nyuzi 27 hadi 35 ndipo azae vizuri, na likishuka chini ya 20 uzazi husimama. Mmoja akipenya chini ya kabati lako mwezi wa kwanza, barafu ikiwa dirishani, atajifia kimyakimya bila kuacha ukoo.

Kasoro anazo. Ukimwachia ndani ya tangi anajichimbia na kutulia, mjusi hamuoni, chakula kinapotea. Mtilie kwenye bakuli lenye kuta laini. Tena, Florida ni marufuku kumfuga bila kibali, na Kanada nako haruhusiwi. Muulize muuzaji kabla ya kulipa, maana wapo watakaopokea hela yako kwanza.

Namba mbili: diskoidi

Blaberus discoidalis anatoka Amerika ya Kati na visiwa vya Karibi. Ni mkubwa kidogo kuliko dubia na mchangamfu zaidi, naye hapandi kioo. Anaruhusiwa Florida, kwa hiyo ukiwa huko ndiye namba moja wako. Kwingine sioni sababu ya kumtafuta, labda kama dubia wameisha.

Namba tatu, kwa shingo upande: mende mwekundu wa Turkestan

Kwa mlo tu, ningempa namba moja. Ni mwembamba, gamba lake laini, na anakimbia kama ana deni, jambo ambalo humwamsha hata mjusi mvivu. Hapandi kioo vilevile. Tatizo ni kwamba hazai watoto hai kama dubia. Hutaga kifuko chenye mayai kama 18, na kifuko kikidondoka kwenye ufa hutakiona. Huko California alionekana mara ya kwanza mwaka 1978, na leo ametapakaa kusini-magharibi mwa Marekani, nje kwenye majumba ya watu. Mwenye kuishi Arizona au Texas akimleta nyumbani anacheza na moto. Mimi niliwajaribu mara moja; wanne walinitoka wakati nafungua mfuniko, na sikulala.

Wawili wa kuacha

Nauphoeta cinerea ni ndugu yetu, maana asili yake ni kaskazini-mashariki mwa Afrika. Ni mdogo, laini, anazaa sana, na anapanda kioo kama anatembea sakafuni. Hilo la mwisho limemwondoa kwangu. Mwingine ni yule mkubwa wa Bukini, kama wazee wa pwani walivyoiita Madagaska, anayefoka kwa kusukuma hewa kupitia vitundu vya ubavuni. Naye anapanda kioo, gamba lake ni gumu na hukua polepole. Mfuge kama rafiki, usimfanye kitoweo.

Mende wa jikoni, wa bure? Usithubutu. Hujui amekula sumu ya nani.

Nunua wakubwa kiasi gani, wangapi

Kipimo cha wafugaji ni nafasi iliyo kati ya macho ya mjusi: mende asiwe mkubwa kuliko hapo. Duka hupenda kukuuzia wakubwa. Ukisita, chukua wadogo, watakua wenyewe.

Mjusi mwenye ndevu aliye mchanga anaweza kumaliza mende wadogo 20 au 30 kwa siku. Akishakua, mlo wake mwingi unakuwa majani, na wadudu wachache mara kadhaa kwa wiki. Kwa hiyo "koloni la kuanzia", yaani kundi la mende wa kuzalisha nyumbani, ambalo kila duka linakusukumia halimfai kila mtu. Piga hesabu. Jike wa dubia huzaa watoto 20 hadi 30 kila baada ya miezi miwili hivi joto likiwa zuri, kwa hiyo majike 25 wanaweza kukupa 250 au zaidi kwa mwezi. Lakini watoto hao huhitaji miezi 4 hadi 6 kuwa wakubwa, na ukianza kumlisha mjusi hao mapema koloni linakufa. Kama una mjusi mmoja mzima, nunua pakiti ya 100 inapohitajika na uache ufugaji. Kama una wachanga wawili, koloni linalipa. Likifika, hesabu mabawa: dume mmoja kwa majike 3 hadi 5. Mimi niliwahi kuletewa boksi lililojaa madume.

Nyumba yao

Hapa usitupe pesa. Yale "makazi maalumu ya mende" ni boksi la plastiki lililopandishwa bei. Chukua boksi la kawaida la kuhifadhia nguo, lenye kuta laini na lisilopenyesha mwanga. Toboa mfuniko na uzibe kwa wavu wa chuma, kwa sababu wa plastiki wanautafuna. Ndani simamisha trei za mayai za karatasi, zisimame wima ili kinyesi kidondoke chini. Juu ya kuta zungushia seloteipu pana inayoteleza, kwa usalama.

Mahali pa kutumia hela ni joto, ukitaka wazae: mkeka wa joto ubavuni mwa boksi, pamoja na themostati, kile kifaa cha kudhibiti joto lisizidi. Usinunue mkeka bila themostati. Kwa wale wa kulisha tu, joto la sebuleni linatosha.

Usiwawekee sahani ya maji, watoto wanazama. Karoti au kipande cha chungwa kinatosha, au zile chembe zinazofyonza maji.

Ukisafisha, vaa barakoa. Vumbi la kinyesi na magamba wanayojivua huamsha pumu na mzio, na kwetu mdogo wa mwisho ana pumu, kwa hiyo boksi liko stoo, si chumbani kwa watoto.

Chakula chao ndicho chakula cha mjusi

Mende mwenye njaa ni ganda tupu. Siku moja au mbili kabla ya kumpeleka kwa Babu namshibisha sukuma wiki, boga na karoti. Pumba na shayiri zinafaa kama chakula kikavu. Chakula cha mbwa, ambacho wauzaji wengine hukipendekeza, nimekiacha: protini ikizidi, mende huihifadhi mwilini kama asidi ya yuriki, na mzigo huo unahamia kwa mjusi.

Hata mende aliyeshiba ana kalsiamu kidogo mno kulinganisha na fosforasi yake. Weka mende kwenye mfuko, tia unga wa kalsiamu usio na fosforasi, tikisa, lisha. Bila unga huo, na bila taa ya UVB (ile inayotoa mionzi kama ya jua), mifupa ya mjusi inalainika na taya kupinda. Ukiwa na dola chache za mwisho, nunua kalsiamu kabla ya mende.

Kuagiza wakati wa baridi

Kati ya mwezi wa kumi na mbili na wa pili, mimi naomba boksi libaki kituo cha usafirishaji nikalichukue mwenyewe, na nachagua muuzaji anayeweka kifuko cha joto na kuahidi kurudisha hela wakifa njiani. Soma sharti lake, kwani wengi wanataka picha siku ileile ya kupokea. Ukifungua ukawakuta wamekauka kimya, usiwatupe. Waweke mahali penye joto saa chache. Mara nyingi wamepigwa baridi tu, na jioni utasikia trei za mayai zinakwaruza.