Kipimo cha pamoja cha VVU na kaswende kliniki ya wajawazito: kifaa kizuri, maelezo haba

Katika huduma zote anazopewa mjamzito hudhurio la kwanza, kipimo cha pamoja cha VVU na kaswende ndicho kilichonivutia zaidi nilipomsindikiza mke wangu katika kituo kimoja cha afya jijini Dar es Salaam. Muuguzi alimtoboa kidole, akafuta tone la kwanza kwa pamba, akanyonya la pili kwa kimrija chembamba na kulidondoshea kwenye kile kibao kidogo cha plastiki, kisha akaongeza matone ya dawa. Ndani ya dakika 20 majibu yalikuwa tayari. Kifaa hakihitaji umeme wala maabara, na kwa zahanati ya kijijini hilo si jambo dogo.

Thamani yake huonekana zaidi ukiijua kaswende yenyewe. Bakteria wake, Treponema pallidum, huanza kwa kidonda kisichouma ambacho hupona chenyewe baada ya wiki chache, na mwanamke ambaye kidonda kimejificha ukeni huenda asikijue kabisa, ilhali maambukizi yanaweza kumfikia mtoto tumboni akazaliwa mfu au njiti. Tiba ipo, nayo ni sindano ya benzathini penisilini, chungu kwelikweli makalioni, lakini hadi leo haijashindwa na mdudu huyu.

Kasoro niliyoiona ni ya maelezo. Kipimo hiki husoma kingamwili, yaani chembe ambazo mwili hutengeneza kupambana na ugonjwa, na kingamwili za kaswende kwa kawaida hubaki mwilini hata baada ya mtu kupona, kwa hiyo mstari ukitokea hautofautishi maambukizi mapya na ya zamani; ndiyo sababu historia ya matibabu huulizwa na, penye maabara, hufanyika kipimo cha RPR, kipimo kingine cha damu kinachosaidia kujua kama maambukizi bado yapo. Mama aliyetutangulia, ambaye tulitenganishwa naye kwa pazia tu (na faragha ya namna hiyo si faragha), alisema alishachomwa sindano hizo mimba iliyopita, akajibiwa kwa mkato kwamba atachomwa tena. Kumtibu upya ni tahadhari inayoeleweka kwa ajili ya mtoto, lakini kumwacha aondoke akiamini kwamba mumewe amemletea ugonjwa mwingine ni uzembe.

Kifaa nakipa alama tano kati ya tano, maelezo mbili. Mimi mwenyewe sikupimwa mpaka nilipoomba, kwa hiyo baba anayesindikiza aombe mapema, kwani mwenza asiyetibiwa humwambukiza mama upya hata baada ya sindano.