Kinga ya umeme kwa TV, risiva na sabufa: ipi ianze, ipi isubiri

Ukitafuta kinga kwa ajili ya vifaa vya sinema ya nyumbani, kitu cha kwanza utakachouziwa ni ekstensheni yenye namba kubwa ya jouli (kipimo cha nishati ambayo kinga inaweza kumeza) kwenye boksi. Namba hiyo ina maana yake, ila inahusu adui mmoja tu, na mara nyingi siye anayeua TV nyingi.

Maadui ni watatu. Kuna mruko wa ghafla, ule unaohusu jouli: maelfu ya volti kwa muda wa mikrosekunde, kutokana na radi au mitambo mikubwa kuwashwa na kuzimwa. Kuna volti kupanda na kubaki juu, kwa sekunde kadhaa au saa nzima. Halafu kuna umeme kukatika na kurudi kwa fujo. Kila ugonjwa una dawa yake, na hapo ndipo wanunuzi wengi wanapotea.

Huo wa pili ndio wa kuogopwa zaidi. Kwenye mtandao wa fezi tatu, waya wa nyutro ukikatika, soketi ya volti 230 inaweza kupokea karibu 400. Ndani ya ekstensheni ya kinga kuna varista, vipande vidogo vinavyofunguka volti zikizidi na kumwaga ziada. Vimeundwa kwa kazi ya kufumba na kufumbua. Vikilazimishwa kumwaga kwa dakika nzima hupata moto mpaka fyuzi yao ya joto ikatike, na bidhaa ikiwa duni vinaweza kuwaka. Jouli elfu nne hazitakusaidia hapo.

Kabla ya kununua chochote, mwite fundi umeme apime athi, yaani waya wa usalama unaokwenda ardhini. Kinga nyingi humwaga sehemu ya mruko kwenye waya wa athi. Kama waya huo haufiki ardhini, umelipia kinga nusu.

Nafasi ya kwanza ni gadi ya volti inayokata yenyewe. Hupima umeme muda wote, hukata volti zikipanda au zikishuka kupita kiasi, kisha husubiri kabla ya kurudisha. Kusubiri huko ni muhimu kama kukata, kwa sababu umeme unaporudi, vifaa vyote vya mtaa huwaka kwa pamoja na volti huyumba. Kwa TV na risiva (ile amplifaya ya sinema ya nyumbani, si king'amuzi) sekunde 30 hivi zinatosha. Zile gadi za kusubiri dakika tatu zimelenga kompresa ya friji. Chagua yenye kioo kinachoonyesha volti, na ikiwezekana inayokuruhusu kupanga kiwango cha kukata mwenyewe. Kwenye mfumo wa volti 230, kukata karibu na 260 kunafaa. Angalia pia ampea: jumlisha wati za TV, risiva na sabufa, gawanya kwa volti, kisha nunua inayobeba zaidi ya jibu ulilopata. Udhaifu wake ni kwamba relei yake, yaani swichi inayokata umeme, ni ya polepole mno kwa mruko wa mikrosekunde, kwa hiyo inahitaji mwenzake.

Ya pili ni kinga ya kwenye boksi la sakiti breka, ile ya Aina ya 2 kwa kiwango cha IEC 61643-11. Hupokea mruko mlangoni kabla haujasambaa, na hulinda nyumba nzima, si sebule peke yake. Msimamie fundi kwenye jambo moja: nyaya zinazoiunga ziwe fupi, jumla isizidi nusu mita. Kila urefu unaoongezeka huacha volti zaidi zipite kwenda kwenye vifaa. Kwa anayeishi penye radi nyingi, ningeipa hata nafasi ya mbele ya gadi. Mpangaji asiyeruhusiwa kugusa boksi aende moja kwa moja kwenye nafasi ya tatu.

Ya tatu, ekstensheni yenye kinga ya kweli. Nyingi zina swichi na taa nyekundu tu, bila varista yoyote, kwa hiyo soma maandishi. Kama hakuna jouli wala volti za kubana zilizoandikwa, hiyo ni soketi ya nyongeza tu. Volti za kubana ni kiwango ambacho kinga huubana mruko usikipite kwenda kwenye kifaa; zikiwa ndogo ni bora zaidi. Kwa vifaa vya soko la volti 120, daraja la chini kabisa katika kiwango cha UL 1449 ni 330. Varista huchakaa kwa kila mruko, kwa hiyo tafuta ekstensheni inayozima soketi zake kabisa kinga ikifa. Ile inayoendelea kupitisha umeme itakudanganya kwa miaka. Ichomeke kwenye gadi, nayo gadi iende ukutani; hivyo hata varista zenyewe zinalindwa dhidi ya volti zinazobaki juu.

Waya wa antena, wa dishi na wa intaneti nao ni mlango. Mruko ukipitia king'amuzi huingia kwenye TV kwa kebo ya HDMI, hata kama upande wa umeme uko salama. Chukua ekstensheni yenye nafasi za nyaya hizo pia, na radi ikianza kukaribia, chomoa vyote. Hakuna kifaa cha sebuleni kinachohimili radi iliyopiga nyumba moja kwa moja.

UPS, kifaa chenye betri kinachoendelea kutoa umeme ukikatika, naiweka ya nne, isipokuwa una projekta ya taa, ambayo feni yake inahitaji muda wa kuipoza taa baada ya kuzima, au diski za kuhifadhia filamu. Soma wati, si VA pekee; UPS ya VA 600 mara nyingi hubeba wati 360 tu. Sabufa na amplifaya kubwa zisiingie humo. Betri za risasi huhitaji kubadilishwa baada ya miaka mitatu hadi mitano.

Stabilaiza, kifaa kinachosawazisha volti, ni ya tano. TV nyingi za sasa hukubali volti 100 hadi 240 bila shida, kwa hiyo umeme hafifu hauzisumbui sana. Inafaa kama una amplifaya yenye transfoma nzito na volti zako ziko chini kila jioni.

Mwisho kabisa ni vichujio vya bei kubwa vinavyoahidi sauti safi zaidi. Spika zikiunguruma, kwanza chomeka vifaa vyote kwenye ekstensheni moja ili vitumie athi moja, kisha jaribu kuchomoa waya wa antena au dishi. Mara nyingi chanzo kiko hapo. Usikate kamwe pini ya athi ili kunyamazisha muungurumo: bodi ya chuma ya amplifaya ikishika umeme, athi hiyo ndiyo inayokulinda wewe.