Shure SM7B kwa mtangazaji wa jazi: sauti tamu, nguvu kidogo

Kipindi cha jazi humtaka mtangazaji azungumze chini chini. Willis Conover, aliyeanza kurusha jazi kupitia redio ya Sauti ya Amerika mwaka 1955, alisoma polepole kwa sauti nzito, hata asiyekijua Kiingereza vizuri akamfuata. Kwa usomaji wa aina hiyo maiki ya SM7B inafaa sana. Kasoro yake ni moja, nayo ni kubwa: maiki hii inatoa umeme hafifu mno.

Mtu akizungumza kawaida, inahitaji kukuzwa kwa desibeli 60 hivi. Kadi nyingi za sauti (vifaa vya kuunganisha maiki na kompyuta) za bei nafuu hukomea hamsini na kitu, na ukizungusha kitufe mpaka mwisho, zinaanza kufoka “shhh”. Kwenye muziki wa kelele hakuna atakayegundua. Lakini ngoma ikiwa imepigwa kwa brashi na piano imefifia taratibu, ukifungua maiki tu, mfoko unasikika kabla hujatamka neno.

Dawa ni priampu ndogo, yaani kikuza sauti kinachochomekwa kati ya maiki na mikseri au kadi ya sauti. Cloudlifter CL-1 huongeza hadi desibeli 25, ila lazima uiwashie volti 48 zinazotoka kwenye mikseri au kadi hiyo. Bila hizo, haikuzi kitu. Kama hujanunua bado, tazama SM7dB iliyotoka 2023: priampu imo ndani, unachagua desibeli 18 au 28, nayo pia hutaka volti 48. Kwa studio ya nyumbani hiyo ndiyo tungeichagua.

Zungumza ukiwa sentimita 5 hadi 10 kutoka kwenye sponji. Ukiisogelea zaidi ya hapo, besi inapanda na maneno yanafunikwa. Hapo tumia swichi ya nyuma inayopunguza besi. Swichi ya pili huinua sauti za kati, lakini mwenye “s” kali aiache. Sponji nene iliyomo kwenye boksi husaidia kwa “p” na “b”.

Anayesoma alichoandika mwenyewe aweke karatasi nyuma ya maiki, usawa wa macho. Akiinamia meza, sauti inapotea katikati ya jina la mpiga saksafoni. Kurasa zisibanwe kwa pini: zitelezeshwe pembeni, zisifunuliwe.

Uzito wa SM7B ni gramu 765 hivi, kwa hiyo mkono mwembamba wa stendi utainama polepole kipindi kikiendelea.